Kibali cha kazi kipo, kitanda hakipo

Namba 80, mtaa wa Albert, katikati ya Johannesburg. Ni jengo la ghorofa tano ambalo wengi wetu tulilisikia kwa mara ya kwanza asubuhi ya tarehe 31 Agosti 2023, wakati limeshaungua usiku na watu 76 wamekufa. Mle ndani walikuwemo Wamalawi, Watanzania, Wazimbabwe na Wasauzi wenyewe, wamejazana kwenye vyumba vilivyogawanywa kwa mbao, maboksi na mashuka, geti za kutokea zimefungwa. Na jengo ni la nani? La jiji. Yani mwenye nyumba alikuwa ni jiji la Johannesburg lenyewe, ambalo lilikuwa limeshalitelekeza likaangukia mikononi mwa wahuni wakawa wanakusanya pango kwa watu wasio na pengine pa kwenda.

Moshi haujatulia vizuri wanasiasa wakaanza, ooh wengi wao ni wageni wasio na makaratasi, serikali haiwezi kuwatafutia nyumba watu walioingia kinyemela, wengine wakageukia mashirika ya haki kwamba ndo yaliyokwamisha watu kuhamishwa maana kila siku yako mahakamani. Tume ya jaji mstaafu Sisi Khampepe ilipokuja kutoa ripoti yake 2024 ikasema wazi kwamba jiji lilijua hali ya jengo lile na halikufanya la maana, lawama ni zake. Nani aliwasha moto hiyo ni kesi ya jinai inajitegemea, mimi naongelea kwanini watu wale walikuwa wanalala mle.

Ila kilichoninasa kwenye hii habari ni historia ya jengo lenyewe. Enzi za makaburu hapo hapo namba 80 ndo ilikuwa ofisi ya pasi. Mwafrika aliyetaka kufanya kazi mjini alipanga foleni pale agongewe muhuri, akikosa huo muhuri polisi wakimkamata ni jela au anarudishwa alikotoka. Kwahiyo jengo lile lile kwanza lilikuwa linagawa ruhusa ya kufanya kazi bila mahali pa kulala, miaka ikapita likawa linagawa mahali pa kulala bila ruhusa. Sidhani kama kuna mtu alipanga iwe hivyo, lakini ukitaka kuelewa siasa za nyumba na vibarua wageni popote pale duniani anzia hapo, hutapotea.

Manake hii kitu iliandikwa kabisa, haikuwa siri. Mwaka 1922 tume ya Stallard huko Afrika Kusini ilisema mwafrika aruhusiwe kuingia mjini kwa ajili ya kuhudumia mahitaji ya mzungu, na akimaliza kuhudumia aondoke. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya maeneo ya mijini, mji ukapangwa kana kwamba hawa watu hawalali, na pale ilipobidi walale wakajengewa hosteli za wanaume watupu, kitanda juu ya kitanda, mke na watoto wabaki kijijini. Mji ulitaka mikono. Mwenye mikono alikuwa ni usumbufu.

Sasa hoja yangu ni hii na nitaizungukia mpaka mwisho. Uhaba wa nyumba na kibarua mgeni vinaletwa kwetu kama mambo mawili yaliyogongana kwa bahati mbaya, eti nyumba zilikuwa chache alafu wageni wakaja wakazimaliza. Mimi nasema ni jambo moja. Nchi ikitoa kibali cha kazi bila kuhesabu kitanda, gharama ya kitanda haipotei hewani, inasukumwa kwa mtu mwingine, na kawaida inasukumwa kwa yule asiyepiga kura pamoja na mwenyeji maskini anayepanga nyumba jirani naye. Alafu hao wawili wanaachwa wagombane.

Waswahili hili tunalijua zamani tu, tena tuna neno lake: manamba. Watu waliosombwa kutoka Kigoma, Songea, mpaka Burundi na Rwanda kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakaitwa kwa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao kabisa ya kusaka vibarua, SILABU, na ilikuwa inafanya kazi kwa hesabu nyepesi tu, kwamba kibarua anakuja peke yake, analala kambini, analipwa pesa ya kulisha tumbo moja, na mke wake kule nyumbani analima na kulea watoto bila bosi kutoa hata senti. Kenya walikuwa na jina la mshahara wa namna hiyo, mshahara wa kapera. Kamati ya Carpenter mwaka 1954 ndo ikaja kusema hapana, mshahara ulenge mtu mwenye familia, maana huwezi kuwa na wafanyakazi waliotulia mjini wakati umewapangia maisha ya ukapera. Na kabla ya hapo Mombasa ilishagoma mwaka 1939, moja ya madai makubwa yakiwa ni pesa ya kulipia nyumba, waajiri wakalegea wakaanza kutoa posho ya nyumba. Leo Mkenya akiangalia karatasi yake ya mshahara akaona mstari wa posho ya nyumba, na sheria ya ajira ya 2007 kifungu cha 31 inayomtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba au pesa ya kutosha kupanga, basi ajue kuna watu waligoma.

Shika hilo neno kapera, tutalihitaji.

Nchi za Ghuba kwa mfano. Qatar, ambako wenyeji ni kama mtu mmoja kati ya kila watu tisa au kumi, wana sheria ya mwaka 2010 inayokataza vibarua kuwekwa kwenye mitaa ya familia. Na hao vibarua kwenye lugha ya kila siku ya kule wanaitwa makapera. Mtu ana mke na watoto wanne Nepal au Bangladesh, kila mwezi anatuma hela nyumbani, ila akifika Doha ni kapera. Amefanywa kapera na kibali, manake mshahara wake haufikii kiwango cha kumruhusu alete familia. Kwahiyo sheria kwanza inamkataza kuwa na familia, alafu inamfukuza mtaani kwasababu hana familia! Hapo ukicheka usicheke sana maana miji mingi duniani inafanya hivyo hivyo kimya kimya bila kuandika sheria.

Na ukapera huu wa kwenye makaratasi ndo unaoharibu soko la nyumba, na hapa naomba tuwe wakweli maana upande wetu tunaotetea wahamiaji tuna tabia ya kuruka hii sehemu. Wageni wengi wakiingia mjini kwa mpigo, pango linapanda. Wanaosema halipandi wanajidanganya au wanatudanganya. Watu wanaongezeka kwa miezi, nyumba zinaongezeka kwa miaka, kwahiyo lazima pawe na kubanana.

Lakini angalia linapandaje. Chukua nyumba ya vyumba viwili, ambayo familia ya mwenyeji inaweza kuilipia kiasi fulani kwa mwezi. Sasa mwenye nyumba akapata vibarua 8 waliokuja bila familia, kila mmoja anataka kitanda tu, akamtoza kila mtu robo ya lile pango la familia. Robo nane ni mara mbili. Mwenye nyumba kapiga hesabu kwa vitanda, familia inapiga hesabu kwa mshahara wa baba na mama, haiwezi kushindana hata siku moja. Familia inapigwa notisi, inahama inalia, ikigeuka nyuma inaona wanaume 8 wageni wanaingiza magodoro. Hasira yote inaenda kwa wale 8. Haiendi kwa mwenye nyumba ambaye sasa anaingiza mara mbili, wala kwa waziri aliyesaini vibali vya watu 8 kwa masharti kwamba waje wenyewe, walipwe kidogo na wasithubutu kulalamika. Ile familia haijakosea, imefukuzwa kweli, machungu yake ni ya haki kabisa. Imeelekezwa tu pa kutazama.

Kama unadhani natunga, nenda London miaka ya 50. Meli ya Windrush ilitia nanga Juni 1948, Uingereza ilikuwa inahitaji watu wa kuendesha mabasi, treni, hospitali, na nyumba zilikuwa zimepigwa mabomu vitani. Kibali hakikuwa tatizo maana wale Wajamaika na wenzao walikuwa raia wa himaya, tatizo likawa pa kulala, zaidi ya 200 kati yao wakawekwa kwenye handaki la kujikinga na mabomu pale Clapham South, chini ya ardhi. Ofisi ya kutafutia kazi iliyokuwa karibu na handaki ilikuwa Brixton, na hiyo ni sababu kubwa iliyofanya Brixton ikawa mtaa wa watu weusi, mtu anatafuta kazi karibu na anapolala, anapanga chumba karibu na anapopata kazi. Kwenye madirisha ya nyumba za kupanga kulikuwa na vibao vya kukataa watu weusi na Wairishi, halali kabisa, kwani sheria ya kwanza ya ubaguzi ya 1965 haikugusa nyumba, mpaka ya 1968 ndo ikagusa. Benki nazo zilikuwa hazitaki kuwakopesha, wakacheza upatu. Ndio, upatu huu huu tunaoujua sisi, wao wakiuita pardner, kila mtu anatoa zamu yake inazunguka mpaka mmoja anapata malipo ya mwanzo ya nyumba, akinunua anawapangisha wenzake.

Sasa mwaka 1957 bunge likapitisha sheria ya pango. Mpangaji wa zamani aliyekuwa analindwa na bei elekezi akitoka, mwenye nyumba anaruhusiwa kupangisha kwa bei anayotaka. Fikiria wewe ndo mwenye nyumba, una bibi kizee wa kizungu anakulipa pango la tangu enzi za vita na sheria haikuruhusu kumtoa, utafanyaje? Kule Notting Hill kulikuwa na mtu anaitwa Peter Rachman ambaye jina lake limeingia mpaka kwenye kamusi za Kiingereza kwa ubaya wa aina hiyo. Mchezo uliompa sifa ni huo, wapangaji wa zamani wanasumbuliwa mpaka wachoke waondoke, alafu vyumba vinajazwa watu wa Karibi kwa pango la kuruka, kwasababu hao hakuna pengine panapowapokea. Hata wapangaji wapya wenyewe walitumika kama fimbo ya kuwachapia wa zamani. Mzungu maskini wa mtaa ule akaona weusi wanakuja na yeye anaondoka, hesabu yake ikaishia hapo. Mwaka 1958 vurugu za Notting Hill, wazungu kuwashambulia weusi, zilikuwa tayari zimeshatokea.

Miaka ikaenda, 1980 serikali ya Thatcher ikawapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua kwa punguzo kubwa, karibu nyumba milioni 2 zikauzwa Uingereza na zilizojengwa kufidia ni chache mno. Ukimuuliza mtu wa kule leo nani kamaliza nyumba za serikali atakuambia wahamiaji. Nyumba zimeuzwa kwa risiti, hela imepokelewa, bado kosa ni la mgeni.

Kanada ndo somo la karibuni na mimi naliona la maana kuliko yote kwasababu limetokea mbele ya macho yetu na wote waliohusika ni watu wa heshima, hakuna Rachman hata mmoja. Mwaka 2023 peke yake idadi ya watu iliongezeka kwa asilimia 3.2, zaidi ya watu milioni 1.2 ndani ya mwaka, karibu wote ni kutoka nje na wengi wao kwa vibali vya muda. Pango likapaa. Januari 2024 waziri wa uhamiaji Marc Miller akatangaza kikomo cha vibali vya wanafunzi wa nje, Oktoba mwaka huo huo Trudeau, waziri mkuu wa wakati huo, akapunguza na wakaazi wa kudumu, lengo la 2025 likashushwa kutoka 500,000 hadi 395,000. Na pango la nyumba zinazotangazwa upya Toronto na Vancouver likaanza kushuka kidogo baada ya hapo, ingawa na majengo mengi yaliyoanzishwa miaka ya nyuma yalikuwa yanakamilika kipindi hicho hicho, kwahiyo kila mtu amejichukulia ushindi wake.

Lakini rudi nyuma uangalie hao wanafunzi walifikaje. Mwaka 2019 jimbo la Ontario lilishusha ada ya vyuo kwa asilimia 10 kisha likaigandisha, jambo zuri kwa mzazi wa Ontario, ila ruzuku haikuziba pengo. Chuo kikaangalia kushoto kikaangalia kulia, kikaona mwanafunzi wa kigeni ndo hana ukomo wa ada. Wakaanza kuwachota kwa maelfu, hasa kutoka India. Hakuna sheria iliyokibana chuo kionyeshe mabweni kwanza. Alafu Novemba 2022, maduka na migahawa inalia haina wafanyakazi, serikali ikaondoa kwa muda kile kikomo cha masaa 20 kwa wiki ambayo mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi. Yani hapo mwanafunzi akawa rasmi kibarua, anasukuma mikokoteni usiku na kusambaza vyakula, huku analipa ada ya mtu tajiri. Jimbo limeokoa hela, chuo kimepata hela, mwajiri kapata mikono ya bei rahisi, mwenye nyumba kapangisha hadi besmenti kwa kitanda. Wote wanne wamekula. Bili ya kitanda ilipofika mezani ikaandikwa jina la mwanafunzi.

Na ni nchi ambayo serikali kuu iliacha kufadhili nyumba mpya za watu wa kipato cha chini mwaka 1993. Miaka 30. Wengi wa wale wanafunzi hawakuwa hata wamezaliwa.

Kwanini hii lawama inanasa kirahisi hivi? Watu watasema ubaguzi, na upo, ila mimi naona kuna kitu cha kihesabu zaidi. Uhaba wa nyumba ni shida kwa asiye na nyumba, kwa mwenye nayo ni utajiri. Mtu aliyenunua miaka 20 iliyopita pensheni yake ni bei ya ile nyumba, na huyo ndo anayepiga kura kila uchaguzi, ndo anayehudhuria mikutano ya mipango miji kupinga ghorofa jipya lisijengwe mtaani kwake eti litaleta foleni. Mwanasiasa gani atasimama mbele yake aseme nitashusha thamani ya nyumba yako ili kijana wa watu apate pa kuishi? Hayupo. Lakini akisema nitapunguza wageni, haigusi nyumba ya mtu, haihitaji tofali hata moja, na anayepunguzwa hapigi kura. Kwa mwanasiasa hiyo ndo bidhaa rahisi kuliko zote sokoni. JD Vance, mgombea mwenza wa Trump, kwenye mdahalo wa Oktoba 2024 aliiuza mchana kweupe, kwamba bei za nyumba Marekani zimepandishwa na wahamiaji, katika nchi ambayo karibu robo ya watu wanaojenga hizo nyumba ni wahamiaji. Ukiwafukuza pango litashuka au nyumba zitachelewa? Vyote viwili vinaweza kutokea kwa wakati mmoja, ila kwenye jukwaa la kampeni kinasemwa kimoja.

Ayalandi nao hivyo hivyo. Uchumi wake ulipoporomoka 2008 ujenzi ulisimama ghafla, mafundi wakapanda ndege kwenda Australia na Kanada, mitaa mizima ikabaki magofu ya nyumba ambazo hazijaisha. Nchi ilipokuja kuchangamka tena watu wakahitaji nyumba na mafundi hawapo. Novemba 2023 mabasi na magari yakachomwa Dublin na watu waliokuwa wanapiga kelele dhidi ya wahamiaji, na kauli iliyoshika mitandao ni kwamba Ayalandi imejaa. Mwaka 1841 kisiwa kile kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Leo ukijumlisha kusini na kaskazini ni milioni 7 na kidogo. Imejaa nini?

Kuna watakaosema basi suluhisho ni mwajiri ajenge mabweni, amchukue mtu amlaze, soko la nyumba lisiguswe. Inasikika vizuri. Singapuri wamefanya hivyo, tena kwa utaratibu kuliko nchi nyingi, kwahiyo twende tukaangalie pale maana huwezi kusema sampuli ni mbovu.

Singapuri ndo nchi ambayo wapenda sera za nyumba wote wanaitaja. Shirika lao la nyumba, HDB, lilianza 1960, leo kama asilimia 80 ya wakaazi wanaishi kwenye nyumba lilizojenga na wengi wamezinunua. Ukienda huko hukuti mtaa wa mabanda. Sasa nani anazijenga? Wabangladeshi, Wahindi, Wachina, Wamyanmar, kwa kibali kinachomzuia kuleta mke, na akitaka kuoa raia wa pale lazima aombe ruhusa ya wizara. Kila mwezi mwajiri analipa serikali tozo kwa kila kichwa. Wanalala mabwenini. Mwaka 2008 ilipotangazwa bweni moja litawekwa karibu na mtaa wa Serangoon Gardens wenye mtaa wakakusanya saini za kupinga, bweni likawekwa hata hivyo ila likapunguzwa ukubwa na ikajengwa barabara yake ya kuingilia ili vibarua wasipite katikati ya mtaa. Barabara nzima, jamani, ili mtu anayekujengea nyumba usimuone anarudi kulala!

Ikaja Korona 2020. Kuna watu kama 320,000 kwenye mabweni, chumba kimoja watu 12, 16, wengine zaidi, choo cha pamoja jiko la pamoja. Mjini kirusi kilidhibitiwa kwa sifa kubwa, mabwenini kikatembea, mpaka mwisho wa mwaka vipimo vikaonyesha asilimia 47 ya waliokuwa mabwenini walishaambukizwa. Karibu nusu. Wakafungiwa mle miezi na miezi wakati raia wanarudi kwenye maisha yao. Baada ya hapo viwango vikarekebishwa, mabweni mapya yasizidi watu 12 chumbani na kila mmoja apate mita za mraba 4.2. Nimejaribu kuchora mita 4.2 sakafuni, kitanda na begi vikikaa unabaki umesimama.

Ila hata tukiachana na ukubwa wa chumba, ubaya wa kitanda cha bosi ni kwamba ni kitanda cha bosi. Ukifukuzwa kazi saa nne asubuhi, jioni huna pa kulala, na kwenye nchi nyingi kibali nacho kimefungwa kwa kazi hiyo hiyo. Nani atalalamika kuhusu mshahara uliochelewa? Kule kule Kanada wana mpango wa vibarua wa mashambani tangu 1966, walianza na Wajamaika, kibali kimefungwa kwa mwajiri na nyumba iko shambani kwa mwajiri, na mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya utumwa alipotembelea 2023 akasema mipango ya vibarua wa muda ya nchi hiyo ni mazalia ya utumwa wa kisasa. Wakanada hawakupenda hilo neno.

Mfanyakazi wa ndani ndo amefika mwisho wa mstari huu. Hong Kong, mji ambao nyumba ni finyu na bei yake inatisha, tangu 2003 umesisitiza kwa kanuni kwamba mfanyakazi wa ndani wa kigeni lazima alale kwa mwajiri. Wakaenda mahakamani kupinga, wakashindwa. Kwahiyo dada anapewa kona, wengine stoo, wengine wanatandika jikoni watu wakishalala, na kwasababu yuko ndani, kazi haina saa ya kuisha. Ukiangalia kwa jicho la serikali ni ujanja mkubwa, umeingiza wafanyakazi zaidi ya 300,000 bila kuongeza hata nyumba moja. Ukiangalia kwa jicho la dada ni kwamba saa zake za usingizi ndo zimejenga hizo nyumba 300,000 ambazo hazikujengwa.

China hawahitaji hata mgeni kutoka nje, mfumo wao wa hukou, yani kila mtu kuandikishwa kwa kwao, tangu 1958 unamfanya mtu wa kijijini awe mgeni ndani ya nchi yake. Novemba 2017 jengo la wapangaji wa aina hiyo liliungua wilaya ya Daxing huko Beijing wakafa watu 19, na jiji likajibu kwa kuwafurusha maelfu ya vibarua katikati ya baridi, eti usalama wao. Johannesburg tena, lugha tu ndo imebadilika.

Mimi sina sera ya kurasa 80 mfukoni. Ninachoona kinawezekana ni kidogo tu: wizara inayotaka kutoa vibali 50,000 iambatanishe na vitanda 50,000 iseme viko wapi, vimelipiwa na nani, na isiwe jibu ni "watajua wenyewe". Pesa zipo, zile tozo za kila kichwa na zile ada za vyuo zinaenda mahali. Alafu kitanda kitenganishwe na bosi, kama walivyofanya wale wa Mombasa waliodai pesa ya nyumba mkononi, ili mtu akiacha kazi abaki na paa. Hili la pili waajiri watalipinga kwa nguvu kuliko la kwanza, na hapo ndo utajua thamani ya kitanda kwao ilikuwa nini.

Kwenye saiti nyingi za ujenzi duniani, na Singapuri ina hadi jina rasmi la makazi ya namna hiyo, vibarua wanalala saiti hapo hapo, kwenye mabanda ya pembeni au ndani ya jengo wanalolijenga, wanatandika kwenye vyumba ambavyo havijawekwa madirisha. Wanapanda nalo ghorofa kwa ghorofa. Siku mkaguzi akija akasaini kwamba sasa jengo linafaa kukaliwa na watu, jioni yake wanakunja magodoro wanaondoka.